Jina Lililoandikwa kwa Majaribio

Jumamosi, 8 Novemba

Leo tumeaibika mbele za watu. Gari la maiti moja, familia mbili, saa ileile. Paulin, dereva wetu, alipokea simu ya familia ya mtaa wa Kampemba akiwa barabarani, akaandika saa kwenye kiganja chake. Mimi niliandika familia ya mtaa wa Kamalondo kwenye kitabu. Kiganja na kitabu havikukutana. Wafiwa wa Kampemba walisimama mvuani saa moja na nusu, na mjomba wa marehemu akaniambia kwamba kwetu hata maiti wanapanga foleni. Mimi ni mtu wa majibu, lakini nilimfungulia mwavuli.

Jioni Mama Brigitte, mwenye kampuni yetu ya mazishi, aliniita ofisini akafunga mlango. Nilidhani nafukuzwa.

"Germaine, unaandika mu kitabu hii tangu miaka kumi na moya," alisema. "Bantu banakufa mingi kupita kitabu. Utafute logiciel ya gestion, uchague weye mwenyewe. Mbele ya Pasaka nataka kusaini."

Tuko wafanyakazi kumi na wanne: mafundi mbao, madereva, wapanga viti na mahema ya kilio. Katika wote amenichagua mimi nitafute hiyo programu ya kompyuta. Ndiyo maana nimeanza daftari hili, na siwezi kuficha kwamba nimejiona mtu mkubwa.

Jumatano, 12 Novemba

Mvua. Nimeandika mambo tunayoyahitaji. Programu ifanye kazi umeme ukikatika, maana hukatika kila siku. Isitegemee mtandao. Iwe ya Kifaransa. Ijue tuna magari mawili, moja tu la maiti, mahema sita na viti mia nane. Na ikubali kubadilisha siku ya mazishi hata mara tano, kwa kuwa familia za hapa hazipatani kabla mjomba wa mwisho hajafika.

Jumanne, 18 Novemba

Programu ya kwanza inatoka Afrika Kusini. Tumeonyeshwa kwa video, yote kwa Kiingereza, na kwenye orodha ya huduma mna kuchoma maiti. Papa Nkandu, mkuu wa karakana ya majeneza, alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu na kikombe chake cha chai ya saa nne.

"Banachoma muntu na sanduku yake, ao bila sanduku?" aliuliza. "Nataka nijue kama niko na kazi."

Tulicheka sana. Papa Nkandu ana miaka sitini na mmoja, ni mrefu kuliko milango yetu, na anaimba besi kwenye kwaya ya parokia. Kila siku saa nne humeza kidonge chake cha shinikizo la damu pamoja na chai, na huwa tunajua saa kwa kumtazama.

Jumatatu, 1 Desemba

Programu ya pili ni ya kukodi kwa mwezi, kutoka Kinshasa, kwa mtandao. Muuzaji aliganda kwenye skrini mdomo wazi mara tatu. Nimeifuta.

Jumanne, 9 Desemba

Leo amekuja mhandisi wa hapahapa mjini, Jephté, mwenye miaka thelathini na maneno mia tatu. Programu yake inakaa kwenye kompyuta yetu wenyewe.

"Courant ikienda, batterie inabeba," alisema, akijibu hofu yangu ya umeme na mtandao. "Réseau ikienda, yee haiulize. Mukiandika muntu, bon ya kazi, ile karatasi ya kuagiza sanduku, inatoka yenyewe ku imprimante ya karakana. Papa Nkandu hatakuja tena kuuliza."

Nilimweleza sheria ambayo marehemu Papa Osée, mume wa Mama Brigitte, alituachia. Hapa kwetu jina la marehemu huandikwa na mkono wa ndugu yake, si na mkono wetu. Ninasogeza kitabu na kalamu, ndugu anaandika, halafu mimi ninajaza mengine. Papa Osée alisema mfanyakazi wa mazishi akizoea kuandika majina ya wafu, siku moja mkono utaandika peke yake. Mafundi wetu wote wanaamini hivyo. Mimi nilisoma, nilikuwa nikisema ni heshima tu kwa wafiwa.

Jephté hakucheka, nikampenda kwa hilo. "Famille itakaa ku clavier, itaandika yenyewe," alisema akigonga vitufe. Ametuachia programu tuijaribu hadi mwisho wa Februari.

Jumanne, 16 Desemba

Nimejaribu programu mchana kutwa. Jephté alisema nisitumie wateja wa kweli, nitie jina la uongo. Lakini programu ni mkaidi, haikubali nafasi tupu: inataka jina, urefu, aina ya mbao, siku, saa, makaburi. Nilikuwa nimechoka. Nilichungulia dirishani nikamwona Papa Nkandu mlangoni mwa karakana akikung'uta maranda mikononi. Urefu wake naujua, mimi ndiye ninayeagiza mavazi ya kazi. Nikaandika: Nkandu Pierre, 1,86, mbao ya mulombwa. Siku nikachagua ya mbali isiyo na mteja, Jumamosi 21 Februari, saa nane, makaburi ya Kasungami. Nikabonyeza. Hapo umeme ukakatika.

Skrini ilibaki kwa betri. Niliona nilichoandika, nikafuta kila kitu.

Jumatano, 17 Desemba

Sikujua kwamba karatasi husubiri. Umeme ulirudi alfajiri, printa ya karakana ikaamka, ikatoa karatasi iliyoagizwa jana. Papa Nkandu hufika kabla ya wote.

Saa mbili nilipoingia, alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja. Hajawahi kukikalia. Alinipa karatasi nikaisoma, ingawa nilikuwa naijua kwa moyo.

"Nani aliandika hii?" aliuliza.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Neno moja tu, mimi, na kucheka kidogo, na kumwomba msamaha, pengine kupiga magoti. Nikafikiri juu ya sheria ya Papa Osée, na mafundi, na Mama Brigitte aliyenichagua kati ya watu kumi na wanne.

"Ni machine, Papa. Inajijaribu yenyewe."

"Na inajua mita yangu."

"Hizi machine zinajua mambo mengi."

Aliikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati, ule wa vidonge.

Ijumaa, 19 Desemba

Mama Brigitte amesikia habari, amempigia Jephté kwa hasira. Jephté hataki kupoteza mkataba. Amejibu kwa maandishi kwamba lilikuwa kosa la programu, kwamba amelirekebisha, na kwamba anaomba radhi. Kijana wa watu ameungama dhambi ambayo hakuitenda. Nilisoma barua yake nikashukuru, na mpaka sasa naona haya kwamba nilishukuru.

Alhamisi, 25 Desemba

Misa. Papa Nkandu aliimba akiwa na joho jipya la kwaya, aliloshonewa na dada yake mkubwa, Mama Chola, ambaye yeye humwita Yaya, mjane anayekaa kwenye chumba cha nyuma nyumbani kwake, mtaa wa Kasungami. Lilimkaa vizuri. Sikuweza kukomunika.

Jumanne, 6 Januari

Saa nne, chai. Hakumeza kidonge.

Jumatano, 7 Januari

Hakumeza.

Ijumaa, 9 Januari

Hakumeza. Nilimuuliza kwa mzaha kama dawa imekwisha dukani. Alisema imekwisha nyumbani. Programu inaenda vizuri, mazishi saba wiki hii na hakuna gari lililogongana na lingine. Familia zinakaa kwenye kompyuta na kuandika zenyewe kwa kidole kimoja, na wengine wanalia wakitafuta herufi.

Jumatano, 14 Januari

Amekuja mke wa Papa Nkandu, tunayemwita Mama Exaucée kwa jina la binti yake wa kwanza. Alisubiri wateja watoke. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa kavu.

"Mama Germaine, weye unajua ile machine. Inaweza kujua urefu ya muntu, kama hakuna muntu aliipatia?"

Nilisema sijui vizuri mambo ya ndani.

"Tangu ile karatasi hataki tena vidonge. Ananiambia siku yake inajulikana. Mu kikundi ya maombi balituambia ni muntu ya damu yake njo alitoa jina. Basi nikafikiri. Yaya yake Chola alimupima mu Desemba, kichwa mpaka kisigino. Anasema ilikuwa juu ya joho ya chorale." Aliniinulia uso. "Niambie kintu moya tu. Kuko muntu mungine ku kazi anajua mita yake?"

Mvua ilikuwa ikipiga bati kiasi kwamba ningeweza kujifanya sikusikia. Nilisikia. Niliona wazi kabisa kinachoombwa kwangu: nikisema ndiyo, bibi kizee anaokoka na mimi naanguka. Nilijiambia kwamba mambo ya familia hupoa yenyewe, kwamba Papa Nkandu ana akili, kwamba nitazungumza naye kesho peke yetu. Mtu akitaka kunyamaza hakosi sababu.

"Sijue, Mama," nilisema.

Aliniaga kwa heshima. Hata aliniombea baraka katika kazi.

Alhamisi, 15 Januari

Sikuzungumza naye.

Ijumaa, 16 Januari

Wala leo.

Jumamosi, 24 Januari

Wamemfukuza Mama Chola, wanamwita mulozi, mchawi aliyemtoa ndugu yake. Paulin anakaa jirani, ameniambia yote asubuhi kana kwamba ni habari za mpira. Watoto wa Papa Nkandu walitoa godoro, sufuria na cherehani yake wakaviweka barabarani kwenye matope. Watu walikuja kutazama. Mtu mmoja alirusha jiwe, likampata begani. Hakulia, akachukua mkasi wake na utepe wa kupimia, utepe ukanyang'anywa na kuchomwa mbele yake. Sasa analala kwenye ghala la kikanisa kimoja hukohuko Kasungami, kati ya mabenchi mabovu.

Nilimuuliza Paulin kama na yeye anaamini. Alisema yeye ni dereva, lakini kama si yule mama, basi ni nani?

Ninachukia mikono yangu.

Alhamisi, 29 Januari

Nimekwenda karakana. Papa Nkandu alikuwa peke yake, akipiga randa mbao ya mulombwa ambayo hakuna mteja aliyeiagiza. Nilijua ni ya nani kwa kuutazama urefu wake. Uso wake ulikuwa umevimba kidogo na alikuwa akisimama kila baada ya pumzi chache.

"Papa, vidonge," nilisema.

"Vidonge ni ya muntu anaenda mbali."

"Na Yaya Chola?"

Aliweka randa chini. "Nilisema hapana. Bana yangu balisema yee aende, ao beye bote banaenda. Nifanye nini? Nilimuona anapita na ile cherehani ku kichwa. Ni yee alinibeba ku mugongo wakati mama yetu alikufa."

Nikafungua mdomo. Nasema kweli, nilikuwa nimekwisha kusema "Papa, ile karatasi", na yeye alikuwa ameinua macho. Mama Brigitte akaniita kutoka uani kwamba familia inasubiri. Nilikwenda mbio. Nilifurahi kuitwa, na hilo ndilo nitakalojibu siku nitakapoulizwa.

Jumanne, 3 Februari

Ameanguka. Saa tano kasoro, karibu na meza yake, bila kelele. Upande wa kulia umelala wote na mdomo umekwenda kando. Tulimpakia kwenye gari la maiti kwa sababu lilikuwa karibu, na watu wa barabarani walivua kofia akiwa bado anapumua.

Alhamisi, 5 Februari

Nimefika hospitalini Mama Exaucée alipokwenda kuoga. Nilimwambia. Nilimwambia yote, jina, mavazi ya kazi, dirisha, umeme, uongo. Nilisema, "Ni mie, Papa. Hakuna muntu mungine. Haiko machine, haiko yaya yako." Nilisema, "Umeze dawa, tafazali, ile tarehe ilitoka mu kichwa yangu."

Jicho lake moja lilikuwa likinitazama. Sauti ilitoka kooni, lakini haikuwa neno. Nilimshika mkono wa kushoto nikamwomba aukaze kama amenielewa. Mkono ulikaza, ukalegea, ukakaza tena. Daktari ameniambia hufanya hivyo hata akiwa amelala.

Jumatatu, 9 Februari

Amekufa saa kumi alfajiri. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili kufikia tarehe niliyomtungia. Nilidhani hilo litawafungua watu macho, kwamba karatasi ilikosea. Hakuna hata mmoja aliyelitaja.

Jumanne, 10 Februari

Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa tayari kuumbuliwa. Nilianza kwa Mama Brigitte. Nilisimama mbele ya meza yake nikasema kwamba mimi ndiye niliyeandika jina. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua kabati akatoa barua ya Jephté.

"Kijana mwenyewe alikubali, Germaine. Iko na saini."

"Alikubali juu ya mukataba, Mama."

"Basi unionyeshe kwenye uliandika."

Nilikuwa nimefuta. Programu hii ni nzuri, inafuta vizuri.

"Umechoka," alisema. "Ulimupenda Papa Nkandu, siye bote tulimupenda. Enda ku kilio, ulie, kesho ubaki ku nyumba."

Nilikwenda. Mahema yetu, viti vyetu, mvua juu ya turubai. Wanawake walikuwa wamekaa chini kuzunguka mkeka wa mjane. Nilipiga magoti mbele ya Mama Exaucée nikasema kwa sauti ambayo wote walisikia: "Ulinikamata na swali mu Januari, nikakudanganya. Ni mie niliandika jina ya bwana yako. Mita niliitoa mu karatasi ya mavazi. Yaya Chola hana kosa."

Kilio kilisimama. Nilingoja makofi, nilingoja mate usoni, na nadhani nilikuwa nayataka. Mama Exaucée alinifuta matope kwenye goti na ncha ya kitenge chake.

"Mama Germaine, uko na roho muzuri," alisema. "Yule Chola alikuja kukulilia, njo maana. Anajua kulilia bantu. Lakini usibebe zambi ya mulozi, itakupata na weye."

Nikasema si hivyo. Nikarudia. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema wanibebe, nina homa. Walinibeba. Wakati wa kuandika jina la marehemu kwa ajili ya msalaba, binti yake Exaucée aliandika mwenyewe.

Jumamosi, 21 Februari

Mvua tangu asubuhi. Hakuna mazishi leo.

Jumanne, 3 Machi

Mama Brigitte na Jephté wamesaini. Nilipanga karatasi, nikaweka mihuri. Tangu Desemba hakuna gari lililoahidiwa familia mbili, hakuna hema lililopotea, viti vinarudi vyote mia nane. Mama Brigitte alisema mbele ya wafanyakazi kwamba nilichagua vizuri, nao wakapiga makofi. Mkuu mpya wa karakana alisema sasa anaelewa faida ya maendeleo. Jephté alikwepa macho yangu, nami nikakwepa yake.

Jumamosi, 7 Machi

Nimekwenda Kasungami kwa miguu kutoka barabara kuu, maana njia imekatwa na maji. Mama Chola anakaa bado kwenye ghala la kikanisa. Amekonda. Bega moja limekaa chini kuliko jingine. Alinipanguzia benchi nikakaa, akaniomba radhi kwa kuwa hana chai ya kunipa.

Nilimwambia nikiwa nimemshika mikono yote miwili, ili asije akadhani nazungumza juu ya mtu mwingine. Nilimwambia taratibu, siku kwa siku, na nikamwambia kwamba nitakwenda popote atakaponituma, kwa chifu, kwa padri, polisi, nikasema tena mpaka wanisadiki. Nilimwambia aje kukaa kwangu Kamalondo, nina chumba.

Alisikiliza huku akitingisha kichwa polepole, jinsi wanavyosikiliza watu wazima wakisimuliwa ndoto na mtoto.

"Mwana yangu," alisema, "usijibebeshe kintu haiko yako. Bantu makumi na makumi banaona ni mie. Bote banaweza kukosa? Mie mwenyewe nilikuwa nakataa. Sasa nakumbuka. Siku nilimupima, nilifika ku kisigino, nikasema mu roho yangu: huyu muntu murefu, siku moya batamutafutia sanduku ya namna gani? Muntu haiwaze vile bure. Kintu ilitoka mu roho yangu, ikaenda mu ile machine."

"Hapana, Mama. Machine haiwezi. Ni mie. Ni hii mikono."

"Nilimubeba ku mugongo," alisema, "na mie njo nilimuua."

Nilirudia mara ya pili, na ya tatu, nikilia, nikapaza sauti mpaka mtu wa nje akaja kuchungulia. Mama Chola alinivutia kwake akanilaza kichwa kwenye paja lake. Akaweka mkono juu ya nywele zangu, akafumba macho, akaanza kusali. Alimwomba Mungu anisamehe, kwa sababu ninasema uongo kwa kumhurumia.